Bakteria ‘Mla Nyama’ Hatoki Japani, Yupo Pwani Hii Bila Kuhesabiwa

Juni 2024 Japani ilitangaza kwamba wagonjwa wa mshtuko wa sumu ya streptokokasi wamefika 977 kwa miezi mitano tu ya mwanzo, wakati mwaka mzima wa 2023 walikuwa 941. Tangu hapo habari ya “bakteria anayekula nyama ya mtu na kuua ndani ya saa 48” haijaacha kuzunguka kwenye simu za watu hapa Tanga. Mwaka 2025 ilirudi na takwimu za Marekani, ikasambaa upya. Watu wameipokea kwa namna mbili. Wapo walioingiwa na hofu ya ugonjwa mpya unaokuja kwa ndege au meli, na wapo waliojifariji kwamba haya ni maradhi ya nchi za baridi zenye wazee wengi. Naamini wote wamekosea, tena kwa sababu ile ile: wamedhani kwamba nchi isiyo na takwimu za ugonjwa haina ugonjwa. Streptokokasi vamizi yupo pwani hii tangu zamani, na kwa ushahidi tulionao anawaumiza watoto wetu wachanga kuliko anavyowaumiza wa Tokyo. Tofauti ni kwamba Japani wanamtafuta na kumwandika, sisi tunamzika chini ya jina la “homa kali”.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia. Streptokokasi wa kundi A anaishi kooni na kwenye ngozi za watu wengi wasiojijua. Mara nyingi huleta mafindofindo, au vile vidonda vya watoto vyenye magamba ya rangi ya asali vinavyoanzia penye upele au alipojikuna. Anaitwa vamizi pale anapopatikana mahali ambapo hapaswi kuwapo bakteria yeyote: kwenye damu, kwenye maji ya uti wa mgongo, ndani ya kiungo, au ndani kabisa ya misuli. Hapo ndipo panapotokea nyama kuoza kwa kasi, mshtuko wa sumu, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini na kuanza kudhuru viungo) ya mama aliyejifungua na ya mtoto mchanga. Njia zake za kuingia ni za kawaida kabisa: kidonda, mkwaruzo, kitovu kibichi, tumbo la uzazi baada ya kujifungua, malengelenge ya tetekuwanga. Ana ndugu zake pia. Wa kundi B hukaa kwa mama bila kumdhuru na humwua mtoto ndani ya siku chache za kuzaliwa. Makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 yalisema anahusika na takriban vifo 150,000 vya watoto kwa mwaka, ukijumlisha na waliozaliwa wafu, na sehemu kubwa ni ya Afrika. Wa nimonia tunamfahamu zaidi kwa sababu chanjo yake tunachoma watoto tangu 2013.

Je, ongezeko linalosemwa huko nje ni la kweli? Swali hili linastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloonyesha thamani ya kuhesabu. Marekani wana mfumo unaofuatilia maambukizi haya katika majimbo 10 kwa utaratibu ule ule mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 walipata wagonjwa 3.6 kwa kila watu 100,000, na mwaka 2022 wakapata 8.2. Kwa kuwa kipimo na eneo havikubadilika, ni vigumu kusema ongezeko hilo limetokana na watu kupima zaidi. Uingereza waliyaweka maambukizi haya kwenye orodha ya magonjwa ya lazima kutolewa taarifa mwaka 2010, na mwaka 2019 wanasayansi wao wakaeleza tawi jipya la aina ya M1 linalotoa sumu nyingi zaidi. Desemba 2022, baada ya miaka ya UVIKO ambayo watu walikaa mbalimbali na maambukizi yakashuka, nchi kadhaa za Ulaya ziliona watoto wa chini ya miaka 10 wakilazwa kuliko kawaida. Kwa Japani mimi ni mwangalifu kidogo: kule kinachoripotiwa ni mshtuko wa sumu, na habari ikishatangazwa sana madaktari nao huongeza umakini. Hata hivyo mwelekeo wa nchi zote hizi unafanana. Muhimu kwetu ni kwamba waliweza hata kuuliza swali la “imeongezeka au haikuongezeka?” kwa sababu walikuwa na namba ya jana.

Sasa tuje karibu. Kutoka Tanga mjini ukipita Horohoro, ukavuka Mombasa na kuendelea kiasi cha kilomita sitini, unafika Kilifi. Ni pwani ile ile, minazi na mihogo ile ile, mvua za masika na vuli zile zile, na watu wenye ujamaa na sisi. Pale hospitali ya kaunti, tangu 1998, watafiti waliweka utaratibu wa kuotesha damu ya watoto wanaolazwa, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria ataota, na vijiji vinavyoizunguka vyenye watu zaidi ya 250,000 vikahesabiwa nyumba kwa nyumba. Matokeo kuhusu streptokokasi wa kundi A yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya watoto 64,741 waliolazwa kuanzia 1998 hadi 2011, wagonjwa 370 walikuwa na maambukizi vamizi, na katika kila 100 wao 12 walikufa. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 kiwango kilikuwa 35 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kwa wa chini ya mwaka mmoja kilipanda hadi 101. Najua si haki kuweka kiwango cha watoto wadogo kando ya kile cha Marekani kinachojumlisha rika zote, na pia kwamba namba za Kilifi ni za miaka iliyopita. Lakini hata ukipunguza kwa ukarimu, huwezi kufika kwenye dai kwamba huu si ugonjwa wetu. Na hao ni waliofika hospitali wakiwa hai.

Kwa nini basi Tanga hatuna namba yake? Fuata safari ya mtoto mmoja wa kawaida kutoka Pangani au Mkinga. Homa inaanza Ijumaa. Jumamosi mama anakwenda duka la dawa, anapewa amoksilini na dawa ya kushusha homa. Jumatatu mtoto amelegea, anapelekwa zahanati, anachomwa sindano ya kwanza na kupewa rufaa. Anapofika wodini damu yake imekwisha kukutana na dawa mbili, na streptokokasi ni mwepesi mno wa kuuawa na dawa za jamii ya penisilini. Hata mtu akiiotesha damu hiyo, uwezekano wa kuota kitu ni mdogo. Lakini mara nyingi haioteshwi. Mtoto anapona au anakufa, na kwenye kitabu cha MTUHA, cha takwimu za wagonjwa wa kituo, inaandikwa malaria kali, nimonia au sepsisi. Mwisho wa mwezi mistari hiyo inajumlishwa na kupelekwa wilayani, kisha mkoani, kisha Dodoma. Hakuna mahali popote katika njia hiyo ambapo jina la streptokokasi lingeweza kuingia, kwa hiyo haliingii. Mvuvi wa Deep Sea, mwalo wetu hapa Tanga, aliyetupa nyavu za macho makubwa hasemi bahari haina dagaa.

Ipo pia sababu ya ndani ya maabara ambayo haizungumzwi, nami naiona ni kubwa. Kuotesha damu ni hivi: mililita chache zinaingizwa kwenye chupa yenye mchuzi wa kuoteshea, inakaa kwenye inkubeta kwa joto la mwili hadi siku tano, kisha kinachoonekana kinapandwa kwenye sahani ya agari iliyochanganywa na damu. Streptokokasi wa kundi A akiota, asubuhi yake utaona vitone vidogo vya kijivu, na kila kitone kimezungukwa na duara safi lililo angavu, kwa sababu ameyeyusha chembe nyekundu za damu pale alipokaa. Duara hilo ndilo linalomtambulisha. Damu inayofaa kwa kazi hiyo ni ya kondoo. Maabara nyingi za Afrika, kwa kukosa kondoo au fedha za kuagiza, hutumia damu ya binadamu iliyopita muda wake benki ya damu. Damu hiyo huwa na kingamwili za mchangiaji, pengine na mabaki ya dawa, na kwenye sahani ya namna hiyo streptokokasi huota kwa shida au duara lake lisionekane vizuri. Mtaalamu wa maabara anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akaandika “hakuna kilichoota”.

Mkoa wetu si mgeni wa kazi hii. Hospitali Teule ya Muheza, kati ya 2006 na 2007, ilishiriki utafiti ulioandikisha watoto 3,639 waliolazwa na homa, wakaoteshwa damu. Watoto 184 walikutwa na maambukizi vamizi ya bakteria. Salmonela isiyo ya taifodi iliongoza, na streptokokasi wa nimonia alikuwa miongoni mwa waliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2004, utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi ulionyesha kwamba wagonjwa 4,474 walitibiwa kama wenye malaria kali, lakini waliokutwa na vimelea vya malaria ni 2,062 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine kisichotajwa. Hata hivyo angalia umri wa watoto wa Muheza: walichukuliwa kuanzia miezi miwili. Wachanga wa chini ya hapo hawakuwamo, na akina mama waliotoka kujifungua hawakuwamo. Hayo ndiyo makundi mawili ambayo streptokokasi, wa A na wa B, anayashambulia zaidi. Uchunguzi wa Marekani ulikadiria kwamba hatari ya maambukizi vamizi ya kundi A kwa mama mzazi wa karibuni ni kama mara 20 ya mwanamke asiye mjamzito. Kwa hiyo hata tulipohesabu, tulihesabu nje ya chumba alimokaa.

Tujaribu kukadiria. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 mkoani Tanga. Nikichukulia kwamba watoto wa chini ya miaka 5 ni kama 15 katika kila 100, hao ni karibu 392,000. Kwa kiwango cha Kilifi tungetarajia wagonjwa kama 137 wa kundi A kwa mwaka katika umri huo peke yake, na vifo kama 16 iwapo wote wangefika hospitali. Hizi si takwimu za Tanga, na asiziandike mtu kama za Tanga. Ni makadirio ya kutuonyesha ukubwa wa jambo ambalo rasmi linasomeka sifuri.

Zipo hoja za upande wa pili, na hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi mitaani na hata na baadhi ya wasomi: kwamba streptokokasi ni wa baridi, joto letu linatukinga. Ni kweli Ulaya wagonjwa huongezeka majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, kwa sababu huko njia yake kuu ni koo. Lakini Fiji na kaskazini mwa Australia, sehemu za joto na unyevu kama Tanga, maambukizi vamizi yamerekodiwa kwa viwango vya juu, na njia yake kuu huko ni ngozi. Mama mmoja jirani yangu Makorora aliniuliza, baada ya kusikiliza klipu ya sauti, “Mwanangu, huo wa Wajapani ushafika bandarini?” Mjukuu aliyempakata alikuwa na vidonda vya kujikuna miguuni, vibichi, vikitua nzi. Sikumjibu habari za bandari; nilimwambia ampeleke mtoto zahanati. Joto, jasho, upele na msongamano wa watoto kitanda kimoja ndivyo vinavyomlea bakteria huyu huku kwetu.

Hoja ya pili ni nzito: dawa ni ile ile. Mpaka leo hajapatikana streptokokasi wa kundi A kwa mgonjwa aliye sugu kwa penisilini, na sindano za seftriaksoni anazopewa mtoto mwenye sepsisi zinamuua. Kuna haja gani kutumia fedha kumjua kwa jina? Anayesema hivi mara nyingi ni tabibu wa wilayani mwenye wagonjwa wengi na fedha kidogo, simwoni kama adui wa takwimu. Kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yake yuko sahihi, na asisubiri siku tano za inkubeta kuanza tiba. Ila anachokisema ni cha mgonjwa, nasi tunazungumzia taifa. Wajawazito watatu wakipata sepsisi ndani ya wiki mbili katika wodi moja, tabibu atawatibu mmoja mmoja vizuri sana, lakini bila kuotesha hatajua kwamba wote wana bakteria mmoja aliyetoka kwenye mikono au vifaa vya wodi hiyo hiyo. Atakuja wa nne.

Suala la chanjo ni kubwa zaidi. Chanjo za kundi A zilizofika mbali katika majaribio zinalenga aina mahsusi za bakteria, zilizochaguliwa zaidi kwa kuangalia wagonjwa wa Amerika Kaskazini na Ulaya, ambako aina chache zinatawala. Kilifi walipozipima jeni za bakteria wao walikuta aina 88. Waandishi wa utafiti wenyewe walionya kwamba chanjo za namna hiyo huenda zikawa na manufaa madogo huku. Asiyehesabiwa hatengenezewi chanjo, na akiletewa iliyotengenezwa kwa ajili ya wengine hatakuwa na njia ya kujua kama inafanya kazi. Linganisha na nimonia: Kenya ilianza chanjo ya streptokokasi wa nimonia 2011, na kwa kuwa Kilifi walikuwa na miaka mingi ya kuotesha damu kabla ya hapo, waliweza kuonyesha kwamba magonjwa vamizi ya aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Sisi tulianza miaka miwili baadaye, na tunapotaka kumshawishi mtu juu ya faida yake hapa pwani tunataja namba ya Kilifi.

Na tusiseme kwamba utafiti wa nje unatosha kutuongoza. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa watoto 3,141 wenye homa na dalili za mshtuko, Muheza na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Ulaya na Marekani mtoto wa namna hiyo alikuwa akipewa dripu ya haraka, na vitabu vyote vilisema hivyo. Ndani ya saa 48 walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa dripu hiyo, dhidi ya 7.3 ambao hawakupewa. Kilichoaminiwa kila mahali kiligeuzwa na watoto waliohesabiwa vizuri Afrika Mashariki. Nani anajua ni mambo mangapi mengine tunayofuata kwa mazoea ya kuazima.

Hoja ya tatu ni ya vipaumbele: tuna malaria, kifua kikuu, UKIMWI, na Marburg iliyotutembelea Kagera 2023 na tena 2025. Hii ingekuwa hoja nzuri kama ningekuwa naomba mradi wa streptokokasi, wenye magari na semina zake. Siombi hivyo. Chupa ile ile ya damu humwonyesha salmonela, streptokokasi wote watatu na wale sugu wa hospitali ambao mpango wa taifa wa usugu wa vimelea wa 2017 hadi 2022 ulikusudia kuwafuatilia. Tena utafiti wa Kilifi wa 2005 ulionyesha kwamba katika watoto waliofia hospitalini, waliokuwa na bakteria kwenye damu ni 26 katika 100, na waliokuwa na vimelea vya malaria ni 22. Ukitaka kipaumbele, hicho hapo.

Angalia pia tulipokwama kitaifa. Kati ya utafiti wa hali ya afya wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Hayo ni mafanikio makubwa na waliofanya kazi hiyo wapewe heshima yao. Lakini vifo vya wachanga katika mwezi wa kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu. Sababu zake ni nyingi: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hayo mawili ya kwanza mkunga anayaona kwa macho. La tatu halionekani mpaka damu ioteshwe, na ndilo tunaloliandika kwa kubahatisha.

Kwa hiyo pa kuanzia ni wodi ya wachanga na wodi ya wazazi, hospitali moja ya mkoa na moja ya wilaya, Bombo na Muheza kwa mfano, kabla ya kuota ndoto za mfumo wa nchi nzima. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya hospitali, na kama mgonjwa alishakunywa dawa nyumbani iandikwe, kwa sababu “hakuna kilichoota” baada ya amoksilini na “hakuna kilichoota” bila amoksilini ni majibu mawili tofauti. Iandikwe kata anayotoka, ili sensa itupe idadi ya watu ya kugawia na tupate kiwango badala ya idadi tu. Rejista ya MTUHA ipate safu ya bakteria aliyeota. Sahani ziwe za damu ya kondoo. Handeni na Kilindi kuna wafugaji, na kondoo wachache wanaotunzwa na ofisi ya mifugo na kutolewa damu kwa zamu na mtaalamu wanaweza kulisha maabara ya mkoa mwaka mzima, bila kuchinjwa hata mmoja.